Risiti ya mzigo si mzigo: jibu kwa aliyekwama na getArgs

"Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Tanga, na lugha ya programu ya Haskell nimejifunza mwenyewe kwa miezi minne. Nimemwandikia shangazi yangu programu ya kujumlisha mauzo ya machungwa anayoyatoa Muheza na kuyauza soko la Mgandini. Faili lina idadi ya matenga ya kila siku, programu inazidisha kwa bei ya tenga. Inafanya kazi, ila jina la faili na bei vimo ndani ya msimbo, kwa hiyo kila mwezi nafungua, nabadilisha, nakompaili upya. Nikaamua kutumia getArgs ili niviandike kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kompaila ikagoma: inataka [String], yaani orodha ya maneno, imekuta IO [String]. Mtandaoni nikakuta kitu kinaitwa unsafePerformIO, nikakiweka, ikakubali. Sasa nikiandika mauzo juni.csv inasema faili halipo, na mimi naliona kwa macho yangu kwenye folda! Nikilibadilisha jina likawa neno moja, inalisoma, lakini bei nikiandika 12,000/= inaanguka na kusema 'no parse', basi. Rafiki yangu ananicheka, anasema Haskell ni lugha ya wanahisabati, haikuumbwa kupokea kitu kutoka nje, nihamie Python. Ni kweli? Nifanyeje? Msimbo nimeuambatisha."

Marahaba, mwanangu. Umeniletea matatizo matatu umeyafunga kwenye kiroba kimoja, na rafiki yako kesi yote akamfungulia Haskell. Tuyatoe moja moja. Lile la IO [String] ni la Haskell kweli. Lile la faili kutoonekana ni la sheli, na ungehamia Python lingekufuata hukohuko. Lile la 12,000/= ni lako mwenyewe, tena mimi limenifurahisha: umeandika bei kama tunavyoiandika sote sokoni, programu ikaisoma kama mgeni aliyeshuka melini leo.

Naanza na sheli kwa sababu ndiyo inayoshika maneno yako mwanzo. Nikisema sheli sisemi pale mnapojazia mafuta. Nasema ile programu iliyomo ndani ya terminali, inayokungoja uandike amri. Watu wengi wanadhani ule mstari wanaouandika unakwenda mzimamzima mpaka kwenye programu yao. Hauendi. Sheli inaukata kwanza, kila penye nafasi tupu, inapata vipande, halafu inaukabidhi mfumo wa kompyuta jina la programu pamoja na vile vipande. Mfumo unaviweka kwenye kumbukumbu ya programu mpya, ndipo programu inapoanza. Vile vipande ndivyo tunavyoviita hoja. Haskell inaamka ikivikuta vimeshakatwa, haina habari kwamba hapo mwanzo palikuwa na mstari mmoja.

Kwa hiyo ulipoandika

    hesabu mauzo juni.csv 12,000/=

wewe ulikusudia hoja mbili. Sheli ikahesabu tatu: mauzo, juni.csv, na 12,000/=. Programu ikachukua ya kwanza, ikaenda kutafuta faili linaloitwa mauzo tu, na kwa kweli faili la jina hilo halipo. Haikukudanganya. Dawa ni kulifunga jina kwa alama za kunukuu:

    hesabu "mauzo juni.csv" 12,000/=

Alama hizo ni za sheli. Sheli inaziona, inaelewa kwamba hapo pasikatwe, kisha inazivua. Programu inapokea jina bila alama. Kama kompyuta ya shangazi ni ya Windows na unatumia ule uwanja mweusi wa cmd, tumia alama mbili-mbili kama hizo hapo juu. Ile alama moja, ambayo kwenye Linux ingekubalika, huko haifungi kitu, inaingia ndani ya jina kama herufi nyingine yoyote. Kwenye Linux jihadhari pia na kinyota: ukiandika *.csv, sheli inakiondoa na kuweka majina ya mafaili yote yanayolingana nacho kabla programu yako haijaona lolote.

Mimi nikipewa programu ya mtu inayolalamika kuhusu hoja, sibishani nayo. Naandika vimistari viwili hivi, naviendesha kwa hoja zilezile:

    import System.Environment (getArgs)
    main = getArgs >>= mapM_ print

Kila hoja inatoka kwenye mstari wake, na kwa kuwa tumetumia print inatoka ikiwa na alama za kunukuu, hivyo unaona hasa inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiona "mauzo" mstari mmoja na "juni.csv" mstari unaofuata, umemkamata mwizi. Ungekuwa na kijiprogramu hiki tangu siku ya kwanza usingeniandikia nusu ya barua yako.

Sasa lile la Haskell yenyewe. Aina ya getArgs ni IO [String]. Wewe uliandika let hoja = getArgs, ukaitumia hoja kama orodha ya maneno, kompaila ikakataa. Nikueleze kwa kitu unachokijua. Ndugu yako wa Dar akikutumia mzigo kwa basi, anakurushia picha ya risiti kwenye simu. Ile picha si mzigo. Unaweza kuiangalia mchana kutwa, unaweza kumtumia mwenzako, hutakula kilichomo. Inabidi uende stendi ya mabasi ya Kange, uonyeshe risiti, upewe mzigo mkononi. getArgs ni risiti: ni maelekezo ya jinsi ya kupata orodha ya maneno, orodha yenyewe bado. Ukiandika let hoja = getArgs umeipa risiti jina la pili, bado uko nyumbani umekaa. Ukiandika

    hoja <- getArgs

ndani ya do, umekwenda Kange. Upande wa kushoto wa kishale sasa kuna [String] halisi, orodha ya kawaida kabisa, unaweza kuihesabu, kuikata, kuipitisha kwenye fankisheni yoyote. Kosa lako lote la kwanza lilikuwa la let na =, mahali palipotaka kishale.

Kwa nini wakaweka usumbufu huo? Kwa sababu Haskell inashikilia ahadi moja: fankisheni ya kawaida ikipewa kitu kilekile, inarudisha jibu lilelile, leo na mwakani. Hoja za amri hazitokani na msimbo wako. Zinatokana na nani ameiwasha programu na ameandika nini siku hiyo. Leo ni Juni, kesho ni Julai. Kitu cha namna hiyo Haskell inakipiga muhuri wa IO ili kila asomaye aina ajue kwamba hapa dunia ya nje imeingia. Nikuambie ukweli lakini, hili ni suala la uamuzi wa waliobuni lugha. OCaml nayo ni lugha ya kifankisheni, na kule hoja ni safu ya kawaida inayoitwa Sys.argv, unaichukua bila risiti. Sababu yao ni kwamba programu ikishaanza yale maneno hayabadiliki tena, na wanayo haki ya kusema hivyo. Ukienda huko siku moja angalia tu kwamba nafasi ya sifuri ya Sys.argv ina jina la programu, wakati getArgs ya Haskell inaliacha jina nje na kukupa hoja tupu. Ukilihitaji kuna getProgName.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wanaotoka kwenye C au Java. Huko main hupokea hoja kama fankisheni inavyopokea. Kwa hiyo wanajaribu main hoja = do, na kompaila inawafukuza. Kwenye Haskell main haipokei chochote. Ni kitendo, aina yake ni IO kitu fulani, na kikitaka hoja kinakwenda kuziomba chenyewe.

Rafiki yako basi amekosea, ingawa uvumi wake una chanzo. Ripoti ya kwanza ya Haskell ilitoka mwaka 1990, na miaka ile mazungumzo kati ya programu na ulimwengu wa nje yalikuwa na mzunguko mrefu: programu inatoa mtiririko wa maombi, inapokea mtiririko wa majibu. Ilichosha. Utaratibu huu wa IO unaouona uliingia rasmi kwenye toleo la 1.3, mwaka 1996. Anayesema leo kwamba Haskell haiwezi kupokea kitu kutoka nje anasimulia habari zilizopitwa zamani sana.

Kuhusu unsafePerformIO, itoe. Leo, jioni hii. Ni sawa na kumwomba kondakta akurushie mzigo dirishani basi likiwa mwendoni: siku moja utaudaka, nyingine utaukosa. Umeiambia kompaila kwamba kitendo hiki ni thamani safi, nayo imekuamini, na kwa imani hiyo ina ruhusa ya kukifanya mapema, kukichelewesha, kukirudia au kutokukifanya kabisa. Kwa getArgs huenda usione madhara, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana utaizoea, kisha utaiweka mahali pa kusoma faili au kuandika deni la mteja. Hata kwa hoja tu, siku utakapotaka kuijaribu programu kwa withArgs, yaani kuipa hoja za majaribio kutoka ndani ya msimbo, jaribio la pili linaweza kukurudishia maneno ya jaribio la kwanza. Ina kazi zake kwa mafundi wanaoandika maktaba. Wewe na machungwa ya shangazi hamuihitaji.

Tuje kwenye bei. Kila hoja inafika ikiwa stringi, yaani mfuatano wa herufi tu, hata kama inaonekana ni namba. Uliigeuza kwa read, na read haina subira: ikikuta mkato (,) au alama ya kufyeka (/), inaiangusha programu nzima na kusema "no parse", bila kukuambia neno gani limeishinda. Tumia readMaybe kutoka Text.Read. Hiyo ikishindwa inarudisha Nothing, na uamuzi unabaki kwako. Lakini usiishie kumkemea mtumiaji. Shangazi ataandika 12,000/= mpaka anaingia kaburini, na ni haki yake. Programu ndiyo ijifunze:

    somaBei :: String -> Maybe Int
    somaBei s = readMaybe (filter (/= ',') (takeWhile (/= '/') s))

Chukua herufi mpaka utakapokuta kufyeka, ondoa mikato, kisha soma. Na tazama kichekesho: ile /= tunayoibandika mwishoni mwa shilingi ndiyo Haskell inaitumia kusema "si sawa na". Tumetumia /= kuitoa /=. Kwenye bei za Mgandini haina maana hiyo, ingawa ukibishana na muuzaji unaweza kuanza kufikiri inayo.

Tazama aina ya somaBei: hakuna IO ndani yake. Inapokea neno, inatoa namba au inatoa Nothing, habari imekwisha. Unaweza kuijaribu kwenye GHCi, lile dirisha la kujaribia msimbo wa Haskell, kwa neno lolote bila faili. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika: main iwe mpokezi wa mlangoni, apokee maneno, ayakabidhi ndani, atangaze jibu. Kazi ya kufikiri ifanywe na fankisheni safi. Main yako itakuwa fupi hivi:

    import System.Environment (getArgs)
    import System.Exit (die)
    import Text.Read (readMaybe)

    main :: IO ()
    main = do
      hoja <- getArgs
      case hoja of
        [faili, neno] -> case somaBei neno of
          Just bei -> do
            yaliyomo <- readFile faili
            print (jumla bei yaliyomo)
          Nothing -> die ("Bei haisomeki: " ++ neno)
        _ -> die "Andika: hesabu FAILI BEI"

Jumla ni ile fankisheni uliyonayo tayari. Zingatia ile case. Orodha ikiwa na hoja mbili kamili, kazi inaendelea. Ikiwa na moja, tatu au sifuri, mtu anaelezwa cha kuandika. Ungekuwa nayo, ile siku ya mauzo juni.csv programu ingekuambia mara moja cha kuandika, badala ya kukupeleka kutafuta faili la jinni. Wewe ulikuwa unachomoa kwa namba, hoja !! 0 na hoja !! 1, na njia hiyo haishtuki hoja zikizidi. Kuhusu die, inaandika ujumbe kwenye njia ya makosa na kuifunga programu kwa namba 1, hivyo hata programu nyingine inayoiita ya kwako itajua kwamba mambo yameharibika.

Ukiiendesha kupitia cabal, chombo cha kujenga na kuendesha programu za Haskell, weka vistari viwili kabla ya hoja zako, cabal run hesabu -- "mauzo juni.csv" 12000, la sivyo cabal inaweza kudhani baadhi ni zake. Ndani ya GHCi ukiandika main peke yake orodha inakuja tupu, na wengi hapo huanza kulia. Andika :main ikifuatiwa na hoja.

Utauliza kama si bora kutumia maktaba kubwa. Zipo njia mbili. System.Console.GetOpt inakuja na GHC yenyewe (kompaila ya Haskell), haili bando, inaelewa opsheni kama --bei=12000 na -b 12000, ila msimbo wake una maneno mengi na sura ya kizamani. optparse-applicative unaipakua pamoja na maktaba zinazoitegemeza, kisha inakuandikia ukurasa wa --help yenyewe na makosa yake yanasomeka vizuri. Mimi kwa hoja mbili nisingegusa yoyote. Opsheni zikifika nne tano, au watu usiowajua wakianza kuitumia, ningekwenda moja kwa moja kwenye optparse-applicative na kukubali gharama ya bando. GetOpt ningeibakiza kwa mashine isiyo na intaneti.

Neno moja la usalama. Usipitishe namba ya siri kwa njia ya hoja, iwe ya simu ya miamala au ya kitu kingine. Hoja hubaki kwenye historia ya terminali, na kwenye Linux mtu mwingine aliyeingia kwenye mashine hiyohiyo kwa kawaida anaweza kuziona kwa amri ya ps wakati programu ikiendelea.

Sasa nikuulize mimi. Shangazi ndiye atakayeandika haya yote kwenye uwanja mweusi? Sidhani. Kwenye Windows, ukiliburuta faili kwa kipanya na kuliachia juu ya ikoni ya programu, Windows inaiwasha programu na kuipa njia ya lile faili kama hoja. Yeye haoni terminali, haandiki alama za kunukuu, na nafasi iliyomo kwenye jina haimsumbui. Ongeza tawi la [faili] kwenye ile case: programu ikipata hoja moja tu, iulize bei kwa putStrLn, isome jibu kwa getLine, na ulipitishe kwenye somaBei ileile bila kubadilisha herufi. Nimesema putStrLn makusudi, kwa sababu putStr bila mstari mpya mara nyingi swali linakwama kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya kusubiria, na mtu anaketi akitazama kioo kitupu. Mwishoni mwa kila tawi lililofanikiwa weka getLine nyingine ya kungoja, ikifuatiwa na return (), maana bila hiyo dirisha litajifunga kabla hajasoma jumla. Katika matawi ya makosa, andika ujumbe kwa putStrLn na uweke getLine kabla ya die, kwa sababu die inaifunga programu hapohapo.

Yaliyobaki hayatatuliki kwa barua. Kama GHC haisimami vizuri kwenye kompyuta ya shangazi, chukua mashine yenyewe umpelekee mhadhiri wako au fundi unayemwamini, mkae mezani pamoja, kwa sababu matatizo ya kusakinisha hayaelezeki kwa maandishi bila kurefuka. Kama umekaa siku mbili na kosa moja la aina na bado hulielewi, tafuta mtu umsomee kwa sauti. Na kama jumla ya programu itatumika kugawana fedha na wakulima wa Muheza, kaa na shangazi na daftari lake, mpitie mwezi mzima mstari kwa mstari, mlinganishe. Daftari asilitupe mpaka miezi kadhaa hesabu ziwe zimekubaliana. Zikitofautiana hata kwa tenga moja, niandikie tena, na safari hiyo niletee mistari kumi ya kwanza ya faili pamoja na kile kilichochapishwa na kijiprogramu cha mistari miwili.